Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uskoti: Mawe ya Govan yaliyo chini ya udongo

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyolelewa nayo Mwanza, na tafsiri yake nimeiambatanisha. Ninaishi Govan, jijini Glasgow, na jambo linalonisukuma kuandika ni mawe ya kaburi ya Kikristo ya kanisa letu la kale, yaliyochongwa kati ya karne ya 9 na ya 11, ambayo baadhi yake bado hayajulikani yalipo.

Wanahistoria wengi wanaamini kwamba Waviking walipoiteka ngome ya Dumbarton mwaka 870, watawala wa Strathclyde, ufalme wa kale wa eneo hili, walihamia Govan, na kwamba wakuu wao ndio waliozikwa chini ya mawe haya. Jeneza la jiwe ambalo wachimba kaburi walilikuta mwaka 1855 limechongwa kutoka jiwe moja, na ubavuni mwake yumo mpanda farasi akimwinda paa. Kuna pia mawe matano makubwa yaliyobinuka mgongo kama paa la nyumba, na mojawapo ni mnyama mzima aliyelikumbatia jiwe kwa miguu yake. Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni mabamba ya kawaida yenye msalaba, ambayo nakshi zake zimepishana juu na chini kama ukili wa mkeka wa nyumbani, na ambayo baadhi yake yamechongwa tena herufi za majina ya watu wa karne za karibuni, kwa sababu familia za Govan ziliendelea kuzikia wapendwa wao chini ya mawe yaleyale.

Mwishoni mwa karne ya 19 yalihesabiwa mawe zaidi ya 40. Leo kanisani yamehifadhiwa 31. Mengi ya yaliyosalia nje yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta uliopakana na kiwanda cha meli, na kiwanda hicho kilipobomolewa mwaka 1973 yalidhaniwa kuwa kifusi, yakaaminika kuwa yamepotea kabisa. (Sisi wa Ziwa Victoria tunavijua viwanda vya meli vya Clyde, mto unaopita hapa Govan: meli yetu ya MV Victoria iliundwa kwenye mto huohuo, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu kuunganishwa.) Kisha mwaka 2019, katika uchimbaji uliowashirikisha wakazi, mwanafunzi wa miaka 14 aligusa jiwe ardhini, na kwa jumla yakapatikana matatu.

Mheshimiwa, ikiwa matatu yamekutwa, sioni sababu ya kuyakatia tamaa mengine. Daraja la miguu la kutoka Govan hadi Partick, ng'ambo ya mto, lilifunguliwa mwaka 2024, wageni wanaongezeka, na ardhi inayozunguka kanisa inazidi kutazamwa kwa macho ya wajenzi. Ninaomba, kwa hiyo, kwamba ukanda wote wa ndani na nje ya ukuta huo upimwe na kuchunguzwa na wanaakiolojia kabla ya mtambo wowote kuchimba hapo, na kwamba sharti hilo liandikwe katika kila kibali cha ujenzi. Ninaomba pia fungu la fedha la kuendeleza uchimbaji wa wakazi na shule, kwa sababu hao ndio watakaopita hapo kila siku na kumzuia mtu anayetaka kubeba jiwe asilolijua. Picha za mawe zilizochukuliwa mwishoni mwa karne ya 19 zipo, na kipande kitakachotoka ardhini kinaweza kulinganishwa nazo, msuko kwa msuko.

Mimi na majirani zangu tuko tayari kushika sururu na ndoo siku yoyote utakayoridhia kazi ianze. Ninasubiri majibu yako.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Govan