Shoga, dhahabu yangu ina chuma

Leiden, Alhamisi usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kama mchanga wa Raskazone. Mimi mzima, ila baridi ndiyo inanitoa roho. Najua umenuna. Miezi minne kimya, na hata ujumbe wako wa Idi sikuujibu. Nuna, ni haki yako, lakini soma mpaka mwisho, maana nina shida na mzee wako sonara.

Unakumbuka siku ya kuniaga, mzee aliponiuliza nakwenda Uholanzi kufanya nini na dhahabu? Nikamwambia napima umeme kwenye nyuzi za dhahabu, nyembamba kuliko unywele mara mia kadhaa. Akasema, "Sasa hiyo utamvalisha nani?" Basi nyuzi hizohizo ndizo zilizonifunga mdomo.

Wewe unawafundisha watoto kwamba metali ikipoa ukinzani, yaani ule ugumu wa umeme kupita, hushuka: atomu zinatulia, elektroni zinapita bila kusukumwasukumwa. Nami nikaipoza yangu. Ukinzani ukashuka, ukashuka, halafu kwenye kelvini chache, digrii chache tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, ukaanza kupanda! Kidogo sana, lakini unapanda. Nikabadilisha nyaya, nikakaza viungio, nikalala maabara siku mbili. Unapanda tu. Nikaanza kujiona mimi ndiye mwenye mkosi.

Kilichoniuma zaidi ni pete. Nilitengeneza pete ya dhahabu ambayo kipenyo chake hakifiki mikroni moja, sehemu ya elfu ya milimita. Elektroni ni wimbi, shoga. Ikifika kwenye pete inapita kushoto na kulia kwa pamoja, na upande wa pili mawimbi ama yanaongezana ama yanauana. Ukipitisha usumaku katikati ya pete na kuuongeza polepole, ukinzani unapanda na kushuka kwa mpigo, kama walivyoonyesha akina Webb, watafiti wa kampuni ya IBM, mwaka 1985. Wangu? Mstari umelala kama maji ya mtungini.

Kumbe chuma! Ile mashine tunayofukizia dhahabu, yaani kuigeuza mvuke ili igande kuwa utando mwembamba, kuna mtu alifukizia chuma humo na hakusema. Atomu chache katika kila milioni zinatosha kuharibu. Kila atomu ya chuma ni kasumaku. Elektroni ikigongana nayo inapinduliwa, na wimbi linapoteza hesabu yake. Na kadiri baridi inavyozidi ndivyo elektroni zinavyozidi kunaswa na vile visumaku, ndiyo maana ukinzani unapanda. Jiwe la mzee la kupimia dhahabu na asidi yake visingeiona chuma hiyo abadani.

Jambo lenyewe si geni. Lilionekana mjini humuhumu mwaka 1934, kwenye dhahabu vilevile, na wataalamu wakakaa miaka 30 wakikuna vichwa mpaka Mjapani Jun Kondo akalieleza mwaka 1964. Ndiyo, Kondo! Kondo kaeleza mkondo. Nimecheka peke yangu kama chizi, hakuna hapa wa kucheka naye. Ingebidi nianzie kwenye kondo la nyuma.

Yule aliyefukiza namjua. Tunakunywa chai meza moja, ananiuliza kazi inaendaje, namjibu "nzuri tu". Siku nitakayo... haya, tuyaache.

Sasa mzee. Niulizie, lakini usimwambie kwamba dhahabu yangu imechafuka, atanicheka mpaka Ramadhani: kile kikombe chake cha kuyeyushia dhahabu, huwa anayeyushia na kitu kingine? Akikosea anakisafishaje, au anakitupa? Mimi nataka kuomba tutengewe mashine ya dhahabu peke yake, na maneno ya sonara wa miaka arobaini yatanitia nguvu.

Na wewe je? Wamekupa maabara au bado unachora saketi ubaoni? Mguu wa bibi? Yule wa Barabara ya Nane ameshaleta posa au bado anapitapita? Na kweli umeninunia, au umesahau tu kama mimi?

Wako,
Zuhura

Pete mpya naipoza Jumatatu. Niombee.