Barua kwa vijana wetu mnaotaka kuhama Mombasa mkafungue biashara mji mdogo

Wanangu wa Kisauni, Changamwe, Likoni na Mikindani,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, nimesikia shauri lenu. Wengine mmenijia hapa nyumbani Majengo, wengine mmenipigia simu usiku, na swali ni lile lile: Mzee, Mombasa imetubana, kodi haishikiki, kila mlango una duka la simu na kibanda cha chipsi, tukichukua akiba ya chama chetu cha kuweka pesa tuhamie wapi? Mmoja anataja Voi, mwengine Kilifi, mwengine ameambiwa Taveta kuna pesa. Nimeona niandike mara moja, wazi, wasome na wale ambao hawakupata nafasi ya kunijia.

Siwazuii. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu hii ndogo, na mnaosukumana kwenye biashara zile zile ni nyinyi vijana. Mtu akiniambia anataka kwenda mahali ambapo fundi wa friji ni mmoja mji mzima, namwambia aende na Mungu amtangulie. Ninachowaomba ni msichague mji kwa sababu ni mtulivu, au kwa sababu kodi yake ni nusu ya ya hapa, au kwa sababu rafiki alipita siku ya soko akaona watu wamejaa. Kodi huwa rahisi kwa sababu fulani. Ulizeni kwanza pesa ya mji ule inatoka wapi, nani anaileta, na akiondoka yeye nani atabaki.

Mji mdogo hupata pesa kwa milango michache. Mombasa ikifungwa mlango mmoja ina mingine: bandari, mahoteli, soko la Kongowea, viwanda, ofisi za serikali. Kule unaweza kukuta mlango mmoja tu, na ufunguo uko kwa mtu asiyekujua.

Tazameni barabara ya Nairobi. Kwa miaka mingi Mtito Andei na Mariakani zilikula kutokana na malori na mabasi. Dereva anashuka, anakula, analala, anabadilisha tairi, anamnunulia taniboi wake soda. Palikuwa na vyumba vya kulala, gereji, mama wa chai usiku kucha. Reli mpya ya SGR, ya Mombasa hadi Nairobi, ikaanza kubeba abiria mwaka 2017, na mizigo ikafuata. Mwaka 2019 ikaja amri kwamba makontena yaende Nairobi kwa treni. Mnakumbuka maandamano ya Jumatatu ya kuipinga amri hiyo hapa mjini, kwa hivyo sina haja ya kuwasimulia. Amri ile ikalegezwa, na Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo hapa bandarini. Sasa jiwekeni mahali pa mtu aliyekopa akajenga vyumba vya kulala madereva mwaka 2016. Hakukosea hesabu ya chakula wala ya mashuka. Kilichomuumiza ni sahihi iliyotiwa Nairobi, na miaka mitatu baadaye sahihi nyengine ikageuza mambo tena. Wakati huo wote mkopo wake uliendelea kudai.

Kule kusini ni hivyo hivyo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipokufa mwaka 1988, nilishuhudia wafanyabiashara wakihamisha magunia kutoka maduka yaliyokuwa yakiwakopesha wafanyakazi kwa daftari, walipe mishahara ikitoka. Mgodi wa titani wa Kwale nao ulianza kusafirisha madini mwaka 2014 na ukaacha kuchimba Desemba 2024. Kufungwa kwake kulitangazwa mapema, hapakuwa na siri. Mgodi una mwisho wake tangu siku ya kwanza. Ukitaka kuuza chakula mahali kama hapo, uza, lakini usijenge nyumba ya mawe, na jua mwaka utakaokunja virago. Kilifi ilikuwa na kiwanda cha korosho, kikafa katika miaka ya 1990. Hata hivyo Kilifi haikufa, kwa sababu ilikuwa na makao ya serikali na bahari, na daraja lilikuwa limefunguliwa mwaka 1991 watu wakaachana na kivuko. Kisha chuo kikuu cha Pwani kikapata hati yake mwaka 2013. Mji wa namna hiyo hupigwa ukainuka.

Kwa sababu hiyo hiyo mimi naipenda Voi, na nalisema bila kuficha. Ni kama kilomita 150 kutoka hapa. Barabara ya Taveta inaachana na ya Nairobi hapo hapo, stesheni ya SGR ipo, watalii wa Tsavo wanapita, mashamba ya katani ya Mwatate yako karibu, chuo kikuu cha Taita Taveta kipo, na watu wa milimani wanashuka na mboga zao. Akiondoka mmoja, watano wamebaki. Shida ya Voi ni maji. Ni jambo la kusikitisha kwamba bomba la chemchemi za Mzima linapita kwao likileta maji kwetu Mombasa, nao wanahangaika na mitungi. Anayetaka kufungua kinyozi, hoteli au kuosha magari, ahesabu bei ya mtungi wa lita 20 katika mwezi wa ukame, asihesabu bei ya leo. Ulizeni wasukuma mikokoteni, maana wao ndio wanaoijua.

Taveta ina mambo yake. Kituo cha pamoja cha mpakani na Holili, upande wa Tanzania, kilifunguliwa mwaka 2016, na lami kutoka Mwatate ikaja ikaondoa lile vumbi lililokuwa likila siku nzima ya safari. Ndizi za Taveta mnazila kila siku hapa Kongowea. Mtu mwenye akili ya mazao anaweza kusimama vizuri kule. Lakini mji wa mpakani una serikali mbili. Mei 2020, wakati wa korona, mpaka wetu na Tanzania ulifungwa kwa wasafiri, mizigo peke yake ikaruhusiwa. Machi 2021 mahindi ya Tanzania yakazuiwa kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, na siku chache baadaye yakaruhusiwa tena kwa masharti. Siku chache hizo, kwa mtu mwenye lori la mahindi limesimama juani, ni mtaji mzima. Ukienda Taveta, usiwe na bidhaa moja inayotoka upande mmoja. Na usiende siku ya soko ukarudi kunisifia mji. Nenda siku isiyo ya soko, kaa kutwa.

Hili la kukaa ndilo ninalotaka mlishike zaidi. Mji mdogo hauonekani kwa safari ya siku moja. Kila mji una mwezi wake mbaya, na mwezi huo ndio wa kwenda. Malindi na Diani nendeni Mei, masika imekolea, mahoteli mengine yamefunga na wafanyakazi wametumwa likizo bila mshahara. Mji wa chuo nendeni wanafunzi wamekwenda kwao. Mji wa wakulima nendeni kabla ya mavuno, ghala ziko tupu. Mkitaka kufungua mkahawa katika mji wa Waislamu, muujue Ramadhani: mchana mlango umefungwa, na biashara yote inageuka kuwa ya magharibi na daku. Mkiona hata katika mwezi ule watu wananunua, hapo pana mji.

Mkifika, msianze kwa kutafuta chumba cha duka. Ombeni kukaa kwenye benchi la duka la mtu, mnunue soda, mtazame. Mteja anachukua sukari kilo au robo? Mafuta ya kupikia ananunua chupa au anakuja na kikombe apimiwe? Tarehe 3 ya mwezi iko vipi, na tarehe 24? Inueni macho mtazame rafu ya juu: bidhaa yenye vumbi ndiyo ambayo mwenye duka alidhani itauzika. Muwe na adabu, lakini tazameni daftari la madeni lilivyonenepa. Kama karibu kila anayekuja anasema "niandikie", basi pesa ya mji ule inachelewa mahali, na nyinyi wageni ndio mtakaokuwa wa mwisho kulipwa, kwa sababu hamna shangazi pale wa kuwasemea. Na kuhusu kuuzia serikali ya kaunti kwa mkopo, chakula cha semina au vifaa vya ofisi, msikubali mkiwa wachanga. Madeni ya kaunti kwa wafanyabiashara yamejaza magazeti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kungoja. Nyinyi hamwezi.

Kuhusu mahali pa kukodi. Jihadharini na vibanda vya kando ya barabara kuu, hata viwe vizuri namna gani. Barabara ya Mombasa hadi Mariakani inapanuliwa, na ya Mtwapa hadi Kilifi vivyo hivyo. Mmeona wenyewe ukuta wa mtu ukipigwa ile alama nyekundu ya X ya kubomolewa. Anayekukodisha akijua kibanda kimo kwenye ardhi ya barabara hatakwambia. Ulizeni mzee wa mtaa, ulizeni jirani mwenye duka la zamani, kisha tafuteni rekodi ya ardhi.

Wengi wenu hamjui kwamba mpangaji wa duka ana sheria yake. Sura ya 301 ya sheria za Kenya inamlinda mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mwenye nyumba hawezi kuamka tu akapandisha kodi au akafunga kufuli; lazima atoe notisi kwa fomu ya sheria, isiyopungua miezi miwili, na ukipinga unakwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Wekeni risiti zote, hata za kulipa kwa simu. Nayo pesa ya gudwili, wanangu, inaniudhi. Mnaombwa laki moja au mbili ya kuingia tu, kando ya depositi na kodi, na haina karatasi. Katika mji mdogo kuna vyumba vingine. Ondokeni, mtaitwa.

Leseni ya Mombasa haivuki mpaka wa kaunti. Kila kaunti ina leseni yake na ada zake, na wapishi wanahitaji cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi sita. Ulizeni bei kabla, katika ofisi yao wenyewe, msiulize mtu wa steji.

Jambo jengine, nalo linanihangaisha usiku. Nasikia wako wanaotaka kwenda kundi zima, watu wa chama kimoja, mji mmoja, na karibu kila mmoja anafikiria vifaa vya simu na M-Pesa. Mtauana. Tumeni wawili watangulie, mmoja mwenye ufundi na mmoja mwenye mdomo wa kuuza, waishi kwa kupanga chumba cha kawaida, waanze kidogo. Wengine mbaki hapa mkiwa mikono yao: Kongowea, Marikiti, Barabara ya Biashara kwenye leso na madira. Hilo ndilo mlilonalo ambalo kijana wa Mwatate au Hola hana. Mnajua mzigo unaposhukia, mnajua nani anauza jumla kwa bei ya haki, mnaweza kupakia kwenye matatu ya asubuhi na ukafika Voi kabla ya adhuhuri. Mkihama nyote, mmejikata mkono huo.

Na kule msiwe watu wa mjini. Chukueni kijana wa pale mumfundishe kazi. Jifunzeni salamu za Kitaita, Kigiriama au Kidigo, nendeni mkajitambulishe kwa chifu na mzee wa mtaa. Kukiwa na msiba, fungeni duka mwende mazishini. Mji mdogo humjua mtu kwa mazishi zaidi kuliko kwa bidhaa. Mgeni mwenye duka zuri asiyeonekana msibani, siku atakayoibiwa hakuna atakayekuwa ameona kitu.

Pesa za akiba, gaweni hivi: sehemu moja ya kuanzia, sehemu moja ya kula na kodi kwa miezi sita bila kutegemea duka, na sehemu ya tatu ibaki Mombasa katika akaunti ambayo wale wawili waliotangulia hawawezi kuitoa peke yao. Sisemi hivi kwa kuwashuku. Mtu akiwa mbali, duka likiyumba, huona kwamba laki moja zaidi itaokoa kila kitu, na hapo ndipo anahitaji mwenzake wa kumwambia apumzike kwanza afikirie.

Kabla hamjatia sahihi mkataba wowote wa chumba, nileteeni niusome. Mimi hupatikana nyumbani baada ya alasiri, na Jumapili asubuhi pia. Njooni na majina ya miji mitatu, si mmoja, na kwa kila mji mniambie mlikaa mwezi gani na mliona nini. Nitawapigia simu niliowauzia nafaka huko miaka mingi, wawapokee.

Mwenyezi Mungu awafungulie riziki.

Mzee wenu,
Majengo, Mombasa