Barua kwa Rehema: vina viache kwanza

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi. Umeniandikia kwamba unataka kuanza ushairi wa hisia na watoto wa Darasa la Tatu, na kwamba utaanzia kwenye vina. Nakusihi, vina viache kwanza. Katika Kiswahili kina hupatikana kirahisi mno. Mtoto akishagundua kuwa nyumbani, shuleni, sokoni na moyoni vinaishia sawa, ataijaza mishororo yote kwa -ni, na ile huzuni aliyokuja nayo itapotelea kwenye mshororo wa pili.

Anza na mwili. Lugha yetu imeshazipa hisia makao: moyo huenda mbio, koo hukaba, uso husawijika. Chagua hisia moja tu kwa kipindi, tuseme woga, kisha uliza kwa mdomo, kwa dakika 10 hivi: woga ukikujia unakaa wapi? Hapo unafanya nini? Ulipokujia mara ya mwisho, mkononi ulishika nini? Swali hili la tatu usiliruke, maana ndilo linaloleta kitu cha kuonekana: ndoo, kandambili, daftari lililolowa. Na neno "woga" lenyewe lisiandikwe. Ukiliruhusu, darasa zima litakuletea "Nina woga sana".

Mishororo 4 inatosha, kila mmoja mizani (silabi) 8, yaani nusu ya mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne katika kila ubeti. Hesabuni kwa makofi. Ule mtindo wa kuweka mkono chini ya kidevu utawapoteza: M ya "mtoto" hutamkwa midomo imefumbwa, kidevu hakishuki, na mtoto atahesabu mizani 2 badala ya 3. "Ndoto", kwa upande wake, ni 2 tu. Yaandike maneno hayo mawili ubaoni mapema, kwani hapo ndipo ubishi huanzia.

Tazama ubeti wa namna hii:

Kalamu imepotea,
Koo langu lina donge,
Machozi yanasubiri,
Mama nimwambie nini?

Hauna kina hata kimoja, na mshika arudhi, yaani kanuni za ushairi, atauita guni, shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Lakini woga umo wote, tena bila kutajwa.

Asiyemudu kuandika aseme, wewe uandike neno kwa neno. Jihadhari na mkono wako mwenyewe hapo: akisema "tumbo linapiga ngoma", usimgeuzie kuwa "nina wasiwasi". Tahajia mtaitazama kesho yake. Kusoma mbele ya wenzake kuwe kwa hiari. Mwenye haya na asomewe na rafiki yake, au darasa limwitikie kibwagizo.

Kuna siku karatasi italeta jambo zito: kipigo cha nyumbani, au kushikwashikwa na mtu mzima. Hilo usilisahihishe wala usilibandike ukutani. Mwite faragha, mwambie amefanya vyema kusema, na usimwahidi siri, kwa sababu siku hiyo hiyo itakubidi umfikishie mwalimu wa unasihi.

Vina vilete baada ya wiki tano au sita, kwenye shairi ambalo mtoto ameshaliandika na kulipenda. Abadilishe neno moja la mwisho, alisome kwa sauti, asikie. Kina kikimharibia maana, alirudishe neno lake la kwanza.

Nisalimie watoto.

Wako,
Zuhura