Salamu za Maulidi kwa vijana wa dakhalia

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masharifu, mashekhe, maalim wetu wa kiume na wa kike, wazazi, na hasa nyinyi vijana mliolala dakhalia, mabweni ya chuo, mwezi huu mbali na kwenu: heri ya Maulidi. Mfunguo Sita umeingia. Matwari yameshawambwa, kaswida zinafanyiwa mazoezi kila baada ya Isha, na kamati za misikiti zinapanga tarehe ili Barzanji ya mtaa huu isigongane na ya mtaa wa pili.

Mwaka huu tumependa salamu zetu zivuke bahari mpaka Java, kisiwa cha Indonesia, kwa wanafunzi wenzenu wa huko, kwa kuwa ni ndugu zenu wa kitabu. Maulidi ya Simt al-Durar inayosomwa Riyadha ya Lamu, msikiti wa Habib Swaleh, ndiyo inayosomwa Masjid Riyadh mjini Solo, uliojengwa na Habib Alwi, mwana wa mtunzi wake, Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, kule Yemen. Na Safina, matni ambayo mwanafunzi wa pwani huianza mapema katika fiqhi, mtunzi wake Sheikh Salim bin Sumair alitoka Hadhramaut akafia Batavia, Jakarta ya leo.

Huko dakhalia huitwa pesantren, mwanafunzi ni santri, na shekhe mwenye chuo ni kyai. Tebuireng ya Jombang ilianzishwa na Kyai Hasyim Asy'ari mwaka 1899, na mjukuu wake, Abdurrahman Wahid, akaja kuwa rais wa Indonesia kuanzia 1999 hadi 2001. Tarehe 22 Oktoba 1945 Kyai Hasyim na wenzake walitoa azimio la kuwawajibisha Waislamu kuulinda uhuru wa Indonesia, na kabla ya wiki tatu kwisha vita vya Surabaya vikapamba moto. Tangu 2015 tarehe hiyo ni Siku ya Santri, na sheria ya 2019 inaitambua pesantren kuwa na kazi tatu: kusomesha, kulingania na kuinua maisha ya watu wanaoizunguka.

Mengi husemwa juu ya vijana wa pesantren na simu zao, video zao na mavazi yao. Sisi tunaona mageuzi makubwa yanatoka pengine kabisa, kwenye kikao cha kitabu, na kikao hicho kinawezekana hata kwenye chuo chenye wanafunzi kumi na watano.

Kabla ya kikao kuna usomaji wa namna mbili. Katika bandongan, kyai anasoma na wote wanaandika maana kwa kalamu nyembamba chini ya kila neno, kwa lugha yao na hati za Kiarabu, pamoja na alama ya nahau: mim kwa mubtada (anayezungumziwa), kha kwa khabar (kinachosemwa juu yake), fa kwa fa'il (mtendaji). Katika sorogan, mwanafunzi mmoja anakaa mbele ya mwalimu na kusoma mwenyewe maandishi yasiyo na irabu. Akikosea mwisho wa neno, anarudi. Namna hii ya pili ndiyo inayomjenga mtu, na ndiyo vyuo vingi vinayoiacha kwanza walimu wanapopungua, kwa sababu inakula muda. Kijana aliyeikosa hutegemea tafsiri za watu maisha yake yote.

Kikao chenyewe ni bahtsul masail, kuchambua masuala. Muulizaji huleta swali la kweli kutoka mtaani, limeandikwa, pamoja na tasawwur, yaani maelezo kamili ya jinsi jambo lilivyo. Washiriki huenda kutafuta ibara, yaani vifungu vya ushahidi, vitabuni. Wakikutana, duru ya kwanza kila kundi linatoa jibu na kusoma ibara yake kwa sauti. Duru ya pili ni ya kupinga na kujibu. Ya tatu, mwandishi wa rasimu anaandika uamuzi na msahihishaji, kwa kawaida mwalimu aliyebobea, anaupitisha au anaurudisha. Ukipita, Fatiha husomwa. Usipopatikana, swali huandikwa mauquf, limesimamishwa, na hakuna aibu ndani yake.

Panapoharibika zaidi ni kwenye tasawwur. Tuchukue mikopo ya simu, hii ambayo Tanzania watu wanaiita kausha damu. Mkopeshaji ni nani, mwenye programu au mtu mwingine? Ada inakatwa kabla pesa haijamfikia mkopaji au baadaye? Akichelewa, kinachoongezeka ni nini, na kwa mkataba gani? Majina na picha zilizomo kwenye simu yake zinachukuliwa kwa idhini ipi? Kikao kisichojua haya kitabishana juu ya riba usiku kucha, na kitakuwa kinabishania kitu kisichokuwepo. Dawa yake ni kumwalika mhasibu, au mwanasheria, au mtu aliyewahi kukopa, azungumze nusu saa kabla ya kitabu kufunguliwa. Kosa la pili limekuja na maktaba za kompyuta: kijana anaandika neno moja, anapata ibara, anaisoma bila kuangalia kwamba mtunzi aliitaja ili aikatae mstari unaofuata. Kanuni tunayoipendekeza: asiyesoma mlango mzima asipewe kipaza sauti.

Matunda ya njia hii yanaonekana. Mwaka 2019 mjini Banjar, Java Magharibi, maulamaa wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Kiislamu ya Indonesia, waliolelewa kwenye vikao hivi tangu utotoni, waliamua kwamba kutupa plastiki ovyo ni haramu madhara yake yakiwa ya hakika au ya kudhaniwa kwa nguvu, na kwamba raia wasio Waislamu wasiitwe makafiri katika mambo ya dola, kwa kuwa ni raia wenye haki kamili. Miaka miwili nyuma, Aprili 2017, wanawake wanachuoni walikutana katika pesantren ya Kebon Jambu, Cirebon, wakatoa fatwa tatu: juu ya ukatili wa kijinsia, ndoa za watoto na uharibifu wa mazingira. Umri wa msichana kuolewa, uliokuwa miaka 16 tangu 1974, ulipandishwa na sheria ya 2019 hadi 19, baada ya shauri katika Mahakama ya Katiba. Hatudai fatwa ndiyo iliyobadilisha sheria. Tunachosema ni kwamba mzazi aliyeambiwa miaka yote kuwa dini inamtaka aoze mapema, sasa alikuwa amesikia wanachuoni wanaosema vingine, na kitabu mkononi.

Mageuzi mengine ni madogo na yanahusu ngozi. Kuna msemo wa zamani kule kwamba hujawa santri hasa kama hujashikwa na upele. Ulisemwa kwa mapenzi, lakini uliwafanya watoto wauone ugonjwa kama cheti. Ni vyema vijana wakaukataa, na dakhalia zetu zinahitaji ukataaji huo huo. Upele huenezwa na kadudu kanakochimba ndani ya ngozi, hasa kwa kugusana na kulala pamoja, na pia kwa kuazimana kikoi, taulo na shuka. Aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Hapo ndipo matibabu hushindwa: anatibiwa anayejikuna, jirani yake wa kitanda anaachwa, na mwezi ujao wote wanajikuna tena. Chumba kizima kitibiwe siku moja. Kwa permetrini ya asilimia 5, dawa ya kupaka, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya, hupakwa mwili wote kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na kati ya vidole, chini ya kucha na sehemu za siri, ikaachwa saa 8 hadi 14, kisha hurudiwa baada ya wiki. Asubuhi yake nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto yasiyopungua nyuzi 60. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku tatu au zaidi. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya dawa kufanya kazi, kwa hiyo msimpake mtoto dawa kila siku mkamchubua.

Liko jambo zito zaidi, na msimu wa kumtaja Mtume, rehma na amani zimshukie, hauturuhusu kulinyamazia. Adabu ya kumbusu mwalimu mkono na kutafuta baraka zake ni nzuri, na imewahi kutumiwa na watu waovu kufunika dhuluma dhidi ya watoto. Indonesia, Wizara ya Mambo ya Dini ilitoa mwaka 2022 kanuni namba 73 ya kuzuia na kushughulikia ukatili wa kijinsia katika taasisi za elimu zilizo chini yake. Kwenye vyuo vyetu tuanze na haya: mwalimu asikae na mtoto peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, chumba kisiachwe chini ya mwanafunzi mkubwa peke yake usiku, sanduku la malalamiko lifunguliwe na mtu asiyelipwa na chuo, na mtoto akizungumza, taarifa ifike kwa vyombo vya sheria, isimalizwe kwenye baraza la wazee.

Sasa, kwa usiku wenu wa Maulidi. Vijana wa dakhalia mpewe swali moja wiki mbili kabla, na tunapendekeza liwe la karamu yenyewe: pilau inayobaki, sahani za plastiki na chupa za maji zinazoishia ufukweni. Mmoja aandike tasawwur kwa kuhesabu kilichotupwa mwaka jana, akimuuliza mpishi na mfagiaji. Wasichana na wavulana wote walete ibara za israfu, yaani ubadhirifu, na za madhara. Uamuzi usomwe kwa dakika tano kabla ya kiyamu, pale watu wanaposimama kumsalia Mtume, na ukisema sinia zirudi badala ya sahani za plastiki, basi sinia za kuazima zipatikane mapema, moja kwa watu wanne au watano, na zamu ya kuziosha iandikwe majina siku hiyo hiyo, maana bila majina saa sita za usiku hakuna atakayebaki.

Allah awafungulie milango ya fahamu, awalinde mlalapo na muamkapo, na awazidishie walimu wenu subira. Wabillahi taufiq.