Mchuja mchanga si fagio la tangi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wasomaji wako waliojiwekea matangi ya samaki ya maji chumvi nyumbani, hotelini au ofisini, hasa yale madogo ya lita mia na kitu. Kuna samaki mmoja wanayemuua kwa njaa huku wakidhani wamempa kazi.

Ni mchuja mchanga, wa jenasi ya Valenciennea. Huku kwetu magharibi ya Bahari ya Hindi wapo wa aina kadhaa: V. puellaris mwenye madoa ya rangi ya chungwa, V. strigata mwenye kichwa cha manjano, na V. sexguttata mwenye vidoti vya buluu mashavuni. Dukani husifiwa kwa neno moja: fagio. Mtie huyu, utaambiwa, na mchanga hutausafisha tena. Mnunuzi anamtia, na kweli kesho yake mchanga umekuwa mweupe kama sembe. Baada ya wiki sita samaki amebaki kichwa na uti wa mgongo, na mwenyewe anasema maji yalikuwa mabaya.

Mtazame akila. Anainama, anazamisha mdomo mpaka karibu na macho, anachota mchanga mdomo tele, kisha ananyanyuka. Mashavu yanatetema, na mchanga unamwagika kwenye matamvua pande zote mbili kama unga kwenye chekeche. Kinachonasa ndani ndicho riziki yake: kopepodi, amfipodi, minyoo myembamba kama uzi, na vidudu vingine vya mchangani. Mwani haumshibishi, wala kinyesi cha wenzake, wala mabaki yaliyooza. Mchanga umekuwa mweupe kwa sababu umepinduliwa tu. Uchafu haukuondoka, umepanda majini na kuhamia kwenye chujio, na mwenye tangi bado ana kazi ileile ya kuutoa.

Sasa piga hesabu. Tangi la sentimita 90 kwa 40 lina sakafu ya mita 0.36 za mraba, yaani haifiki hata nusu ya mkeka wa kulalia. Humo ndimo tunamfungia samaki ambaye baharini hushinda mchana kutwa akihama kipande baada ya kipande, mara nyingi yeye na mwenzake, na nyuma yao mchanga hupata muda wa kuzaa vidudu upya. Ndani ya tangi hakuna pa kuhamia. Wiki chache tu zinatosha kuumaliza mchanga wote, na bado ataendelea kuchota kutwa nzima. Hapo watu hudanganyika: wanamwona anakula, kumbe anatafuna mchanga mtupu.

Kwa hiyo apewe chakula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, kila siku. Mara moja jioni baada ya kazi haimfai, kwa kuwa hana desturi ya kula mlo mkubwa na kungoja kesho. Chakula kizuri ni uduvi wa kugandishwa, hasa wale wadogo wanaoitwa misisi: wayeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, wavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uwamwage polepole juu ya mchanga mbele yake. Ukiwamwaga juu ya maji, samaki wengine watawamaliza kabla hawajafika chini. Unaweza pia kuwasaga kamba wabichi pamoja na ngisi, ukawagandisha kwenye trei ya barafu, na kila siku ukatoa kipande cha ukubwa wa tembe ya panadoli kwa kila mlo. Uduvi wakavu wa sokoni si chakula cha kumtegemezea: wanaelea, huenda wametiwa chumvi, na jua limeshawaharibia mafuta. Ladha yao iko kwenye sufuria ya mboga, si hapa.

Atemia wachanga, vijiduvi vya maji ya chumvi vinavyoanguliwa nyumbani, nao wanafaa, hasa kwa samaki aliyetoka dukani akiwa amedhoofu. Huku pwani si wageni: walipandwa kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi tangu miaka ya 1980. Chukua lita moja ya maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi, tia nusu kijiko cha chai cha mayai, weka pampu ya hewa ibubujike kwa nguvu na taa karibu. Kwa nyuzi 26 hadi 28 wataanguliwa ndani ya saa 24. Walishe siku hiyohiyo, maana wanaishi kwa kiini walichozaliwa nacho, na kikiisha wanabaki ganda tupu.

Kupima shibe si kazi. Mwangalie ubavuni, nyuma ya mapezi ya kifuani: tumbo liwe tambarare au limejaa kidogo. Likibonyea kwa ndani, umechelewa wiki moja. Mwangalie tena kutoka juu: kichwa kikiwa kipana kuliko mwili, umechelewa zaidi. Anzeni kipimo hiki dukani kabla ya kulipa, na mwambieni muuzaji amlishe mbele yenu. Samaki aliyebonyea tumbo asiyegusa chakula ni hasara, hata akipunguzwa bei.

Kuna anayekula vizuri na bado akakonda. Huyo mara nyingi ana minyoo, kwani karibu wote huvuliwa baharini. Prazikwanteli, dawa ileile tunayoijua kwa kichocho, huua minyoo bapa. Kiasi cha kawaida ni miligramu 2 kwa kila lita, ndani ya tangi la pembeni lisilounganishwa na lile kubwa. Minyoo ya mviringo haiiogopi dawa hiyo. Katika tangi hilo la pembeni weka beseni la plastiki lenye mchanga safi, kwa sababu samaki huyu akikosa mchanga anahangaika na kugoma kula. Dawa zenye shaba zisikanyage kwenye tangi kubwa: mchanga na mawe huinywa shaba na kuitoa kidogo kidogo, na konokono na uduvi wako hawatapona.

Nije kwenye mchanga wenyewe. Punje ziwe chini ya milimita moja, kina kiwe sentimita 5 hadi 7. Kwa tangi nililolitaja, kina cha sentimita 6 ni lita 21 na kitu za mchanga, kama kilo 32 ukiwa mkavu. Kokoto za matumbawe zilizopondwa, zile zinazouzwa kwa sababu zinapendeza kwenye picha, hawezi kuzichuja. Anaokota moja moja na kutema, anachubuka mdomo, na kidonda kinaoza. Mchanga mweupe wa pwani unafaa ukiwa wa matumbawe na makombe. Dondoshea siki: ukitoa povu ni wa chokaa, usipotoa ni wa mawe ya kawaida, hautakusaidia kushikilia hali ya maji. Uoshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mpaka yatoke safi, uanike, kisha uupitishe kwenye chekeche la unga. Usichote ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite-Mpunguti, Watamu au Mafia. Bila kibali ni kosa.

Mawe yatangulie, mchanga ufuate. Hili wengi hulifanya kinyume. Samaki huyu huchimba pango lake chini ya jiwe, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka usiku mmoja, limponde yeye au lipasue kioo. Simamisha mawe juu ya kioo chenyewe, au juu ya vipande vifupi vya bomba la plastiki, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Mwachie kipande cha bomba cha sentimita 15 chini ya jiwe kiwe mlango wake, na vipande vidogo vya matumbawe mafu vya kuuzibia jioni. Kwenye kona moja lundika mawe madogo ya ukubwa wa ndimu, ambapo mdomo wake haufiki: humo kopepodi watazaliana na kutawanyika tangi zima. Kitangi kingine cha pembeni, si kile cha dawa, cha lita 15 au 20 chenye mwani na taa ya usiku, maji yake yakimwagikia kwenye tangi kubwa, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Usimtie katika tangi jipya. Wiki nne hadi sita za kukomaza maji, mpaka amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na kinyesi na mabaki, zisome sifuri, zinawatosha samaki wengi lakini si yeye. Mchanga nao unataka miezi mitatu au minne uwe na uhai. Tangi lililokaa miaka lina hatari yake: chini ya mchanga kuna tabaka jeusi linalonuka kama yai viza, na mchuja mchanga akilifukua sumu hupanda majini. Kabla hajaletwa, livute hilo kwa mpira, robo ya sakafu kwa wiki.

Maji sitayasemea sana: chumvi gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25 hadi 27, naitreti chini ya miligramu 20 kwa lita, badilisha sehemu moja ya kumi kila wiki. Ila wakati wa kaskazi tangi la Mombasa au Dar es Salaam hufika nyuzi 30 na zaidi. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, lakini maji hupungua na chumvi haipungui. Lita 130 zikipoteza 10, gramu 35 zimekuwa karibu 38. Jazia maji baridi yasiyo na klorini kila siku, si ya chumvi. Wanaochota maji ya bahari wachote yakijaa, mbali na mdomo wa mto Msimbazi kule Dar es Salaam na mikono ya bahari kama Tudor hapa Mombasa, na si baada ya mvua za masika.

Jambo lingine ambalo halisemwi dukani: samaki huyu huruka, hasa usiku akishtuka, na anapita kwenye tundu dogo. Funika tangi lote kwa wavu wa plastiki. Watu hukata kipande cha chandarua, na hapo ndipo msiba unapoanzia, kwa kuwa vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa pairethroidi, dawa inayoua samaki na uduvi kwa kiasi kidogo mno. Dawa ya mbu ya kupuliza ni vilevile: pampu ya hewa huivuta kutoka chumbani na kuibubujisha majini. Ukilazimika kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa nailoni, fungua madirisha, subiri hewa isafike.

Tangi la lita 130 litoshe mchuja mchanga mmoja, na V. sexguttata anafaa zaidi kwa kuwa hufika sentimita 14 tu, wakati V. puellaris hufika 20. Usimchanganye na kiti cha pweza (nyota wa baharini) wa mchangani, wala samaki mwingine anayeishi kwa kopepodi. Watagombania sahani moja.

Na mwenye kutaka mchanga mweupe tu, asiye na mtu wa kulisha saa nne asubuhi na saa nane mchana, anunue konokono wa Nassarius watano au sita. Hujifukia mchana kutwa, pua yao ikichungulia kama kijiti, wakisikia harufu ya chakula huibuka wote kwa pamoja. Wao ndio wanaokula mabaki.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Mombasa