Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Misaada kwa Waliohamishwa na Vita na Ukame, 2024

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024. Mambo ya uanachama nitayapitia haraka, kwa kuwa Katibu ameyaeleza kwa ukamilifu katika kabrasha mlilopewa mlangoni: tumepokea wanachama wapya, wengi wao walimu na wafanyabiashara wa Ngamiani na Makorora hapa mjini Tanga, na tumewapoteza wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambao familia zao zilifikishiwa rambirambi za chama. Sehemu kubwa ya taarifa hii nimeitenga kwa jambo lililotuletea mjadala mkali kuliko yote, nalo ni uamuzi wa Kamati Tendaji wa kusitisha ukusanyaji wa nguo na vyakula na kuielekeza michango yote kwenye fedha, tena fedha zinazotoka mapema, kabla njaa haijatangazwa.

Ombi lililoletwa na wanachama kadhaa lilikuwa tukusanye mahindi na mitumba, tujaze kontena, tulipitishe bandari yetu ya Tanga na kulifikisha Somalia. Lilitolewa kwa moyo mwema, na Kamati ililijadili kwa heshima inayostahili, lakini haikuweza kulikubali. Gharama ya kusafirisha, kuhifadhi na kulinda mzigo wa namna hiyo ingemeza sehemu kubwa ya thamani yake. Mahindi yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba bila kupimwa unyevu ni hatari ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu waliokula mahindi ya ghala zao wenyewe. Tena, mara nyingi masoko ya miji ambayo waliohama hukimbilia, kama Baidoa kule Somalia, hayakosi chakula. Mfugaji aliyefiwa na mifugo yote anaukuta mchele na unga dukani, ila hana cha kununulia. Mtu huyo akipata fedha atanunua anachokijua na watoto wake wanachokila, na muuza duka wa pale naye ataendelea kuagiza bidhaa. Mitumba yetu isingefanya lolote kati ya hayo, na nadhani baadhi yetu, nami sijitoi, tulipenda zaidi kuliona kontena likijaa kuliko kuuliza litafunguliwa na nani.

Kuhusu suala la wakati, naomba tuikumbuke Somalia ya mwaka 2011. Tahadhari zilianza kutolewa tangu nusu ya pili ya mwaka 2010, lakini njaa kuu, yaani kiwango cha juu kabisa cha upungufu wa chakula, ilitangazwa Julai 2011, na ndipo michango ya dunia ilipomiminika. Makadirio yaliyofanywa baadaye yalionesha kwamba watu wapatao 260,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, nusu yao watoto wenye umri chini ya miaka mitano, na wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa tangazo lilipotoka. Ukame mwingine ulianza mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ikakatika mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40 katika Pembe ya Afrika. Safari hii njaa kuu haikutangazwa rasmi, hata hivyo watafiti walikadiria vifo 43,000 zaidi ya vile vya kawaida nchini Somalia kwa mwaka 2022 pekee. Kisha mvua za mwishoni mwa 2023 zilikuja kwa mafuriko na kuwahamisha upya watu waliokuwa wamehamishwa na ukame. Anayengoja tangazo ndipo afungue mkoba, basi, anangoja makaburi yahesabiwe.

Sisi watu wa Tanga hatuna udhuru wa kulitazama jambo hili kama la mbali. Katika miaka ya 1830 nchi ya Wazigua ilipatwa na ukame na njaa kali, na wengi wa watu wake waliishia utumwani, wakapelekwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji katika bonde la mto Juba, wakalima na kuitunza lugha yao kwa zaidi ya karne moja na nusu. Vita vilipozuka mwaka 1991 baada ya serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia kuanguka, wakulima hao walivamiwa na kunyang'anywa chakula, wakakimbia. Wengine walibaki katika kambi za Kenya, na maelfu kati yao walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Wengine waliamua kurudi katika nchi waliyoisikia katika simulizi za mabibi na mababu, wakapokewa Mkuyu na baadaye Chogo, wilayani Handeni, ambako walipewa ardhi ya kujenga na kulima, na wengi wao wamekwisha kupata uraia wa Tanzania. Ukame uliwatoa, vita vikawarudisha, na wenyeji wa Handeni waliwapokea kwa Kizigua.

Ndiyo maana Chogo ilipata fungu kubwa zaidi la mwaka huu, ingawa wapo waliosema kwamba watu wenye uraia si wakimbizi tena. Hoja hiyo ni sahihi kisheria, ila uraia hauteremshi mvua, na wanawake wa huko bado hutembea mbali kutafuta maji kiangazi kinaporefuka. Vigezo vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, kiasi kisichofika hata ndoo moja ya kawaida, ambacho kinatakiwa kitoshe kunywa, kupika, kuoga na kufua. Tulichangia matengenezo ya pampu ya mkono na mafunzo kwa mafundi wawili wa kijijini, mmoja wao binti, ili kifaa kikiharibika tena wasisubiri mtu kutoka mjini. Vilevile, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotoa utabiri kwamba mvua za vuli za 2024 zingekuwa za wastani hadi chini ya wastani katika maeneo mengi, Kamati ilitoa fedha mara moja kwa ajili ya pingili za mihogo na mbegu za mtama, zikafika kwa wakulima kabla ya msimu kuanza. Kwa mazoea yetu ya zamani, fedha hizo tungezitoa Februari, mahindi yakiwa yamekwisha kunyauka.

Kwa upande wa Kigoma hali ni tofauti, na hapa kanuni yetu ya fedha imelazimika kupinda. Mwaka 2024 kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zilihifadhi zaidi ya watu 200,000 kutoka Kongo na Burundi, na mwaka 2023 mgao wao wa chakula ulipunguzwa hadi nusu kwa sababu wafadhili hawakutoa fedha za kutosha. Majaribio ya kuwapa wakimbizi fedha taslimu Nyarugusu yalisitishwa mwaka 2017, na misaada kambini hutolewa kwa utaratibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hatukujaribu kuupita utaratibu huo. Tulinunua sabuni na taulo za kike kwa wafanyabiashara wa Kasulu, badala ya kuzibeba kutoka hapa kwa zaidi ya kilomita 1,000, na kuzikabidhi kwa taasisi yenye kibali. Wanachama waliotaka picha za makabidhiano watusamehe: Kamati iliona si haki kumpiga picha mama akipokea kipande cha sabuni.

Kuhusu Sudan nitasema machache, kwa sababu mchango wetu ulikuwa mdogo na ulipitia mfuko wa pamoja, unaochangiwa na wafadhili wengi. Vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 vimewahamisha mamilioni ya watu, na mwezi Agosti 2024 wataalamu walithibitisha njaa kuu katika kambi ya Zamzam, karibu na mji wa El Fasher katika jimbo la Darfur. Njaa ile chanzo chake kikubwa ni mapigano na kufungwa kwa njia za misaada, kwa hiyo hata mvua zikinyesha vizuri lori lisiporuhusiwa kupita watu wataendelea kufa. Nalitaja hili ili tusiahidi kwa fedha zetu kile ambacho wenye silaha pekee ndio wanaoweza kukiruhusu.

Yapo maombi mawili mbele ya mkutano. La kwanza ni kuanzisha akiba ya dharura itakayotengwa kutoka katika kila mchango na kufunguliwa kwa kigezo cha utabiri wa mvua au bei za nafaka sokoni, bila kungoja tangazo la njaa. Wanaopinga wanasema kwamba utabiri unaweza kukosea na fedha zikatumika bure, na ni kweli utabiri hukosea. Lakini mihogo iliyopandwa katika mwaka wenye mvua nzuri bado huliwa, na pampu iliyotengenezwa bado hutoa maji. La pili ni kuuza mitumba iliyobaki katika stoo ya Chumbageni kwa mnada wa wazi, mapato yake yaingizwe katika akiba hiyo, na chumba kirudishwe kwa mwenye nyumba ili tuache kulipia kodi.

Mweka Hazina atasoma hesabu zilizokaguliwa, kisha Katibu atasimamia kura za maombi hayo, kila moja kwa wakati wake.