Vita ya haki, haki ya kuanza au ya kupigana?

Mhariri naomba nafasi kidogo. Watu wanabishana vita gani ni ya haki na ipi ni ya dhuluma, kila mmoja anataka jibu moja tu halafu mjadala ufungwe. Mi naona hapo ndo tunapokosea, maana kwenye vita moja kuna maswali mawili, nani kaanza na kwa nini, halafu wamepiganaje, na ukishajibu la kwanza la pili bado liko palepale.

Chukua Vita Kuu ya Pili. Kumpinga Hitler, kulipinga jeshi la Japani lililokuwa linavamia nchi za watu, ilikuwa haki kabisa. Lakini upande huohuo wenye haki ndo uliodondosha bomu la atomiki Hiroshima, Japani, Agosti 6, 1945, saa mbili na robo asubuhi watu wanawahi kazini. Kuna mtu alikuwa amekaa kwenye ngazi za benki, joto la bomu likababua jiwe lote kumzunguka ila pale alipokaa pakabaki peusi, kama kivuli. Jiwe hilo limehifadhiwa makumbusho ya Hiroshima mpaka leo. Huyo alimkosea nani, hata kama nchi yake ndo ilianza? Ndo maana Mikataba ya Geneva ya 1949, zile sheria za kulinda watu vitani, haiulizi nani kaanza, mateka analindwa awe wa mvamizi au wa aliyevamiwa.

Na hata hilo swali la kwanza linabadilika vita ikiwa katikati. Jeshi la Idi Amin wa Uganda liliingia Kagera, Tanzania, Oktoba 1978 na Amin akatangaza eneo lile ni lake, hapo Tanzania kujitetea ni haki, kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kiko wazi. Ila wavamizi wameshatolewa, kusonga mbele mpaka Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, hiyo inataka sababu yake nyingine, na wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walibishana kweli Monrovia, Liberia, mwaka huohuo. Mimi nasema ilikuwa sawa kumng'oa kwa jinsi alivyokuwa anaua raia wake, lakini sababu yangu ni hao raia, sio mpaka.

Kwa hiyo Mhariri, waandishi wenu wakiita vita fulani ya haki, watuambie ni kuanza kwake, kupiganwa kwake, au vyote.

Msomaji wenu